Siku Tuliyokwenda Mkokotoni Kumtia Moyo Mwenzetu

Tulikuwa wanawake saba, na tulikuwa tumekubaliana kukutana saa moja na nusu asubuhi nje ya lango la Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Si wote tunaosali hapo. Tunatoka makanisa mbalimbali ya mjini Unguja, na kila Jumatano jioni tunakusanyika nyumbani kwa mmoja wetu kwa maombi. Lakini Mkunazini ni mahali ambapo hata mgeni hapotei, na kutoka hapo si mbali na magari.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa, kumtembelea mwenzetu mmoja. Alikuwa nasi katika maombi kwa miaka minne, mpaka mumewe, ambaye ni mtumishi wa serikali, alipohamishiwa huko. Mwanzoni alikuwa akija mjini kila Jumapili pamoja na watoto. Baadaye ikawa mara mbili kwa mwezi, kisha mara moja, kisha tukawa hatumwoni kabisa. Jumatano moja mtu akasema, "Dada yetu amepoa." Sote tukatikisa vichwa kwa masikitiko. Mwingine akaongeza kwamba huko shamba yuko peke yake, majirani wote si wa imani yetu, na cherehani inammaliza usiku na mchana. Basi tukaona ni wajibu wetu kwenda kumwamsha. Tukachanga sukari, unga wa ngano, jozi moja ya kanga na kitabu cha nyimbo. Tukachagua na somo la kumsomea, habari za Martha na Mariamu, tukiwa na hakika kabisa ni nani aliyekuwa Martha.

Wa saba wetu alichelewa, na ndiye aliyekuwa na sukari. Tukaingia kanisani kumngoja. Wengi wenu mnaijua historia ya mahali pale. Soko la watumwa lilifungwa kwa amri ya Sultani Barghash mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu, na madhabahu yenyewe iko mahali panaposemekana palisimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Wageni huguswa sana hapo. Lakini sisi wenyeji tunapenda pia kuwaonyesha zile nguzo za marumaru zilizosimama kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba Askofu alisafiri kidogo, na mafundi ambao hawakuwa wamepata kuona nguzo za namna ile wakazisimamisha walivyoona inafaa. Aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Tulicheka, tukapiga picha, sukari ikafika, tukaondoka.

Daladala ilijaa upesi. Tulikuwa tumeazimia kwamba njiani kila mmoja ataomba kimyakimya kwa ajili ya mwenyeji wetu. Tulipopita Mtoni, mama yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu, akatukumbusha kwamba katika jumba la kifalme lililokuwa pale ndipo alipozaliwa Binti Salme, mtoto wa Seyyid Said, mwaka 1844. Ndiye yule aliyeondoka Unguja kwa ajili ya Mjerumani, akabatizwa na kufunga ndoa siku moja huko Aden mwezi Mei 1867, akaitwa Emily Ruete. Alikwenda kuishi Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya gari la reli la mjini, akimwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha ya watu. Mmoja wetu akauliza ni akina mama gani waliokuwa wakimtembelea huko. Kabla ya mtu kujibu, konda akaanza kudai nauli, tukatafuta sarafu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya vitunguu. Yalibaki huko mpaka mwisho wa safari.

Kutoka Bububu hadi Mkokotoni kupitia Mahonda ni kilomita 31. Zamani barabara hiyo ilikuwa ikitikisa matumbo. Sasa imejengwa upya, na kati ya minazi, miembe na mashamba ya mpunga macho hayachoki. Saa tatu na nusu tulikuwa tumeshuka.

Mkokotoni ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini asitazamie mtu majengo makubwa ya kutisha. Ni mji mdogo wa ofisi za serikali, maduka, miti ya kivuli na pwani. Pwani ndiyo moyo wake. Ng'ambo, karibu kiasi cha kuona miti, kiko kisiwa cha Tumbatu, chenye magofu ya mji wa kale uliostawi zaidi ya miaka 600 iliyopita, na watu wake wanaosifika kwa ubaharia. Vyombo huenda na kurudi kutwa kati ya Mkokotoni na vijiji vya Jongowe na Gomani, vikibeba watu, magunia, baiskeli, mbuzi na maji ya kunywa. Maharusi nao huvushwa hivyo hivyo.

Huko saa ya ukutani haina nguvu sana kama maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita nne, na pwani iliyokuwa na mashua zinazoelea huwa uwanja wa tope na kaa. Mwanamke wa pwani hiyo akijua mwezi umeandama siku ngapi, anajua maji yako wapi, bila kutazama kalenda.

Tunaeleza hayo kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa ametuambia kwa simu waziwazi: "Dada zangu, njooni saa nne kamili. Siku hiyo maji yanajaa saa saba, na lazima nivuke Tumbatu kupeleka nguo za harusi. Lakini kuanzia saa nne mpaka saa sita na nusu mimi ni wenu." Saa mbili na nusu nzima alikuwa ametutengea, naye ni fundi anayelipwa kwa nguo.

Ila ilikuwa bado saa tatu na nusu. Tukaona tupite sokoni kidogo tu.

Asiyewahi kuona mnada wa samaki wa Mkokotoni asituhukumu upesi. Samaki wamewekwa mafungu mafungu, wengine bado wanarusha mikia. Walikuwapo changu, pono, tasi, vibua, pweza wa rangi ya zambarau, na dagaa wanaong'aa kama sindano. Dalali anataja bei kwa haraka ambayo masikio ya mjini hayaifuati. Mmoja wetu akasema bei hii Darajani huioni. Akanunua changu. Wa pili akaona aibu kurudi mikono mitupu. Wa tatu akakumbuka kwamba mumewe anapenda pweza. Wa nne akapiga picha, akazituma kwa jamaa zake mjini, na papo hapo akaanza kupokea maagizo: niletee na mimi, niletee na mimi. Ikabidi kutafuta kikapu, kisha kutafuta barafu. Mwenye barafu alikuwa amekwenda kunywa chai.

Tukilifikiria jambo hilo sasa, hatuoni hata mmoja wetu aliyetenda dhambi. Samaki walikuwa wa watoto wetu. Kupata bei nzuri ni busara ya mke mwema, na kumsaidia jamaa ni wema. Kila dakika tuliyoipoteza ilikuwa na sababu ambayo tungeweza kuitetea mbele ya mchungaji. Tulipotazama simu, ilikuwa saa tano na dakika arobaini, na mwenyeji wetu alikuwa amepiga mara tatu.

Tulimkuta mlangoni. Hakununa. Alitupokea kwa "Bwana asifiwe" na tabasamu lake lile lile, akatukaribisha jamvini. Mkate wa kumimina ulikuwa umekwisha kukatwa na kupoa. Chai ilikuwa imepashwa mara mbili. Ukutani kulikuwa na cherehani ya miguu, na juu ya kitanda cha pembeni furushi la nguo za harusi, tayari limefungwa.

Tukasali. Mdogo wetu akafungua somo. Kabla Martha hajaanza kulalamika, simu ikalia: mtumishi wa nyumbani, mjini, anauliza chumvi iko wapi. Tukaanza tena. Paka akaingia kwenye kikapu. Wote saba tulifumbua macho kwa pamoja, na mmoja akaruka na kanga kumfukuza, akiwa bado na "Ee Bwana" mdomoni. Mwenyeji wetu akacheka mpaka akajifuta machozi. Baadaye tu ndipo tulipotambua kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Nilikuwa na neno la kuwaambia," akasema, "lakini muda umebaki mfupi. Nitalisema kama linavyokuja."

Akatukumbusha jambo ambalo sisi wa mjini tuliliona bila kulifikiria. Miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, Pasaka iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Kwa fundi wa nguo hapa visiwani, Ramadhani ndiyo mavuno. Kila mtoto ashonewe nguo mpya, na kwa kuwa sikukuu ya Idi husherehekewa siku kadhaa, mwenye uwezo hushonesha zaidi ya moja. Mwaka 2023 Pasaka ilikuwa tarehe 9 Aprili, wiki mbili hivi kabla ya Idi. Alikuwa na nguo arobaini na mbili za kumaliza.

"Ijumaa Kuu nikasema nitashona mpaka saa sita, kisha nitatulia," akasimulia. "Nikashona mpaka usiku. Jumamosi umeme ukakatika, kazi ikalala. Jumapili alfajiri ukarudi, nikasema namalizia mikono ya gauni hili tu, ndipo niwaamshe watoto tusali. Nikamaliza mikono, nikashika kola. Saa tisa alasiri binti yangu akaja akasimama hapo mlangoni, akaniuliza, 'Mama, Pasaka imeshapita?'"

Akanyamaza kidogo, akikaza fundo la furushi ambalo lilikuwa limekazwa tayari.

"Hakuna aliyenikataza," akaendelea. "Ningewaambia majirani leo ni sikukuu yangu, wangeniachia siku hiyo na kuniletea sahani ya chakula jioni. Mimi ndiye sikusema. Wao walikuwa wameacha kula na kunywa mchana kutwa kwa ajili ya ibada yao. Mimi nilishindwa kuacha mkono wa gauni."

Tulikuwa kimya, hata yule mwenye simu.

Mwaka uliofuata, 2024, Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, siku kumi tu kabla ya Idi. Safari hii alibandika karatasi mlangoni mapema: kazi za sikukuu mwisho wa kupokelewa ni tarehe fulani, na kutoka Alhamisi Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka cherehani imefungwa. Akaifunika kwa shuka. Wateja wengi walielewa. Lakini mama mmoja mwenye watoto watano alichukua vitambaa vyake vyote akapeleka kwa fundi mwingine, na mpaka leo hajarudi. Fedha zile ndizo zilizokuwa za masomo ya ziada ya kijana wake mkubwa. Mumewe, ambaye naye ni mwombaji, aliuliza kama Mungu asingeelewa shida ya siku mbili tu. Hawakuzungumza vizuri wiki ile.

"Mnadhani sijuti?" akatuuliza. "Zipo siku najuta. Kijana alipopata alama mbaya nilijuta. Lakini binti yangu hajaniuliza tena swali lile." Mwaka 2025 sikukuu hizo ziliachana, Idi ikatangulia na Pasaka ikafuata wiki tatu baadaye, naye akapumua.

Mama yetu mkubwa ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza kwa nini basi haji mjini. Akajibu bila uchungu. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, kila Jumapili, ilikuwa ikila mboga ya siku tatu. Tena familia mbili za watumishi kutoka bara zimehamia karibu, na wote watatu wakakubaliana kukutana sebuleni kwake Jumapili asubuhi. Wanasoma, wanaimba kwa sauti ya chini, wanaombea wagonjwa wa mtaa mzima. Ni zaidi ya mwaka sasa. "Niliwaandikia kwenye kikundi chetu cha simu," akasema, "labda ujumbe ulipita." Ndiyo, ulikuwa umepita. Tulipoutafuta jioni tuliukuta kati ya picha ya keki na tangazo la vyombo vya plastiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemjibu.

Saa sita na nusu ikafika. Tukamsindikiza pwani. Maji yalikuwa yamepanda mpaka karibu na mizizi ya miti, mashua inaelea palepale tulipoona tope asubuhi. Nahodha akamwita kwa jina la mtoto wake, kama wanavyoitwa akina mama. Akajitweka furushi kichwani, akaingia majini mpaka magotini kama mtu aliyezaliwa huko, akapanda. Tulipunga mikono mpaka tukaona kitambaa chake cha kichwa tu. Tulikuwa tumekaa naye chini ya saa moja, na sehemu kubwa ya hiyo alikuwa akitufariji yeye.

Tulipokuwa tukirudi kuchukua vikapu, jirani yake, bibi mmoja wa Kitumbatu, alitukaribisha barazani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa maji. Akauliza, "Nyinyi ndio jamaa zake wa sala?" Tukasema ndiyo, kwa sauti ndogo.

"Huyu mwanangu ni mtu wa ahadi," akasema bibi. "Adhana ya adhuhuri ikilia, mimi naingia kusali, na cherehani yake inanyamaza. Nikimaliza, baada ya kitambo naisikia inaanza tena. Basi najua naye amekwisha. Ikatokea siku haikunyamaza, namwita dirishani: 'Mwanangu, leo vipi, huna cha kumwambia Mungu?' Anacheka, anaiacha."

Mwenyeji wetu hakuwa ametuambia hilo. Pengine angetuambia kama tungefika saa nne.

Sisi tuna kengele za kanisa na vipindi vya nyimbo redioni, na kundi zima la akina mama lenye mwenyekiti na mweka hazina. Hatujui ni nani kati yetu ambaye jirani yake anaweza kusema cherehani yake, au sufuria yake, au simu yake, inanyamaza saa fulani. Katika gari, safari hii bila mzaha, tuliulizana kila mmoja saa yake inaliwa na nini. Majibu hayakuwa makubwa. Mmoja alisema ni tamthilia ya saa mbili na nusu usiku. Mwingine alisema ni sare za watoto, anazipiga pasi wakati ule ule aliokuwa akisali alipokuwa msichana. Mama yetu mkubwa alisema kwake ni vikao vya kanisa. Tulimtazama. Akasema, "Ndiyo, vikao. Nimeendesha kamati tatu mwaka huu na sijasoma Injili moja mpaka mwisho."

Jioni mwenyeji wetu alituma ujumbe. Nguo zilikuwa zimempendeza bibi harusi, na alirudi kabla maji hayajatoka. Akaandika kwamba tukija tena tupite kwake kwanza, sokoni baadaye, naye mwenyewe atatupeleka kwa mvuvi anayemfahamu. Safari hii tulimjibu wote saba. Mdogo wetu amekwisha kumwomba ampangie siku kwa kufuata maji, siku ambayo havuki.

Ilipofika usiku ndipo mmoja wetu, akisafisha samaki, alipokikuta kitabu cha nyimbo. Hatukuwa tumekitoa. Kilikuwa chini kabisa ya kikapu, chini ya changu, kurasa zimelowa na kushikamana. Alizitenganisha moja moja kwa kisu cha mezani, akazianika kwenye kamba ya nguo, na nyumba nzima ikanuka pwani kwa siku mbili.